Matumbawe Yalipogeuka Meupe

Wanaume walipoondoka na jeneza la Mzee Hafidhi kwenda makaburini, sisi wanawake tulibaki sebuleni kwake, tumekaa kwenye mikeka, viatu vimejazana barazani. Nilijibanza ukutani upande wa dirisha. Mbele yangu, pale lilipokuwa tangi la kioo, sasa kuna friji kubwa la soda lililofunikwa kitambaa cha maua. Mama mmoja aliyekuja kutoka Bunda alimnong'oneza mwenzake, "Hapo palikuwaga na samaki wa bahari, si ndiyo?" Mwenzake akamjibu, "Hawakuwa samaki. Yalikuwa mawe. Mawe yanayokula." Wakacheka kicheko cha msibani, kile cha kufunika mdomo kwa mtandio. Mimi ndiye niliyekuwa nayalisha mawe hayo, lakini sikuwaambia. Nilianza kujiuliza kama kukaa kimya ni kumkosea marehemu, au kusema ndiko kungekuwa kujionyesha mbele ya wafiwa, na nilipomaliza kupima pande zote mbili wale mama walikuwa wameshahamia habari ya bei ya mchele. Ndivyo nilivyo hata sasa, nikiwa na miaka thelathini na moja. Wakati huo, miaka sita iliyopita, ugonjwa huu ulikuwa mkali zaidi, na uliwaponza viumbe sita wasioweza kukimbia.

Nilikuwa nimemaliza shahada ya sayansi ya viumbe vya majini na nimekaa miaka miwili bila kazi. Nilipanga chumba Kamunyonge, chumba chenye dirisha moja linalotazama choo cha majirani, na kila Jumatatu nilikwenda kwenye kibanda cha kuchapa barua mjini Musoma kutuma maombi. Barua moja niliisoma hata mara tisa kabla ya kuituma, na mara mbili nilichelewa siku ya mwisho kwa sababu ya koma. Mama yangu huko Suguti alikuwa ameshawatangazia watu wa kanisani kwamba mimi ni daktari wa samaki, kwa hiyo nilikuwa nimeacha kwenda nyumbani. Kila niliposhuka kijijini, mtu alinionyesha sato aliyevimba macho na kuniuliza anaumwa nini. Niliogopa swali lililokuwa linafuata, la unafanya kazi wapi.

Pale kwenye kibanda ndipo nilipokutana na Mzee Hafidhi. Aliingia na kitabu kidogo mkononi, amevaa kofia yake ya kushonwa kwa mkono na kandambili, akauliza kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita wapagazi, "Nani hapa anajua Kiingereza cha maji?" Watu walicheka. Mimi nikanyoosha mkono kama niko darasani. Kilikuwa kitabu cha maelekezo ya taa. Mzee alikuwa na duka la simenti, mabati na mabomba Musoma, na jingine Bunda. Alizaliwa hapa hapa ziwani, lakini bibi yake alitoka pwani, na alikufa akiwa na kabati la vioo ambamo kulikuwa na tumbawe jeupe lenye matawi, kubwa kama kichwa cha ng'ombe. Mzee alikuwa ameiona bahari mara mbili tu maishani. Sasa watoto wameoa na kuolewa, duka linajiendesha, na yeye aliamua kuileta bahari sebuleni kwake. Tangi alikuwa nalo tayari, chumvi ya bahari iko stoo kwenye ndoo, pampu zinanguruma, maji yameshatulia. Kilichobaki ni matumbawe yenyewe na mtu wa kuyatunza. "Yakiishi mpaka Idi," aliniambia, "nakuandikia barua ya ajira, na muhuri nagonga. Yakifa, tunaachana kwa amani." Nilirudi Kamunyonge nikitembea katikati ya barabara kama mlevi.

Matumbawe yalikuja wiki moja kabla ya Ramadhani, vipande sita vya kukuzwa kwenye matangi ya mtu mmoja Dar es Salaam mwenye kibali chake. Nilikwenda kuyapokea Bunda, kwenye duka la Mzee, nikakaa juu ya mfuko wa simenti tangu asubuhi mpaka boksi jeupe la foamu lilipofika. Vijana wa dukani walinitania. "Dada, ndani kuna aiskrimu?" "Kuna wanyama," niliwajibu. Mmoja akaweka sikio kwenye boksi, akasema, "Basi wamelala." Nilipompigia yule muuzaji kumwambia kwamba yamefika salama, alinipa onyo moja, akalirudia mara mbili. Yalikuwa yamekuzwa kwenye mwanga hafifu. Nisiyapeleke kwenye mwanga mkali kwa haraka. Nianze chini, nipande polepole, kwa wiki nyingi.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo wakati ule nililijua vizuri kuliko mtu yeyote mkoani Mara, na halikunisaidia. Tumbawe si jiwe, ingawa lina mifupa ya mawe. Ni mnyama. Ndani ya nyama yake, ambayo ni nyembamba kama utando wa maziwa yaliyochemshwa, huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, na mwani huo hutumia mwanga kumpikia mwenye nyumba chakula. Mwanga ukipungua, mwani huongezeka ili upike zaidi, na tumbawe hugeuka kahawia. Mwanga ukija mwingi kwa ghafla, mwani huanza kuunguza badala ya kupika, na tumbawe humfukuza mpishi wake. Hapo rangi hupotea, na mfupa mweupe huonekana kupitia ile nyama. Tumbawe linakuwa bado hai, lakini lina njaa, na kama halikurudishwa kivulini mapema halitafika mbali.

Taa ya Mzee ilikuwa kali mno. Hata nilipoipunguza mpaka mwisho, ilichoma macho. Nikakumbuka nyavu za dagaa, zile zenye matundu madogo kama ya chandarua, nikaenda mwaloni, wavuvi wanakoshusha samaki, kuomba kipande chakavu. Nilikikata vipande vinane, nikaviosha mara tano kwa kuogopa sabuni na harufu ya ziwa, nikavitandaza juu ya tangi, kimoja juu ya kingine. Kila siku ya tano ningeondoa kimoja. Matumbawe yenyewe niliyaweka chini kabisa, juu ya mchanga. Ulikuwa mpango mzuri. Nilipiga hesabu ya siku kwenye kalenda ya ukutani, nikaona kwamba Idi ingefika vipande viwili vikiwa bado juu, na jambo hilo lilinikaa moyoni kama mwiba wa samaki ningu kooni. Wageni wangekuja kutazama tangi lililofunikwa nyavu.

Ramadhani ilipoanza, nyumba ile ilitulia mchana. Bi Zuhura, mke wa Mzee, alikuwa ananiwekea uji na kiporo cha maharage jikoni, chini ya kawa. Siku ya kwanza nilijifanya sina njaa, kwa heshima. Akanijia sebuleni, mkono kiunoni. "Perusi, wewe umefunga?"

"Hapana, mama."

"Basi usijifanye. Nenda kale. Ukianguka humo kwenye maji mimi sijui kuogelea."

Nilikula kwenye kigoda jikoni, nikisikiliza redio ya jirani, kisha nilirudi kwenye kiti changu mbele ya tangi. Nilikuwa nafunua pembe ya nyavu kuchungulia. Nilichungulia kila saa, baadaye kila nusu saa. Usiku chumbani kwangu nilikuwa nazifungua picha nilizopiga kwa simu na kuzilinganisha, ya asubuhi na ya jioni, nikitafuta tofauti. Ukitafuta tofauti utaipata. Wiki ya pili ilikuwepo kweli. Matumbawe yalianza kuwa ya kahawia. Lile lililokuja na rangi ya zambarau lilifanana na chai ya rangi, lile la kijani likawa kama tope la mfinyanzi. Nilijua maana yake. Yalikuwa yanazoea kivuli, yanaongeza wapishi. Nilijua. Lakini Bi Zuhura alipita na ufagio, akainama, akasema, "Yanaoza haya." Siku iliyofuata Mzee alivaa miwani, akatazama, kisha akasema, "Mbona yana rangi ya ugoro?" Nilianza kumweleza habari ya mwani, lakini katikati ya maelezo nikajisikia kama mtu anayejitetea polisi, nikanyamaza. "Sawa," alisema. "Wewe ndiye msomi. Mimi nasubiri Idi."

Usiku ule sikulala. Nilijiuliza kama niliyosoma ni kweli kwa matumbawe ya vitabuni tu. Nilijiuliza kama kahawia hii ni kahawia ya afya au kahawia ya kuoza, na nani anajua tofauti, na kama nikikosea nitamwambia nini mama. Nikiwaza sana kitu kimoja, hufika mahali ambapo kufanya jambo lolote, hata baya, ni nafuu kuliko kuendelea kusubiri. Asubuhi nilifika mapema, nikaondoa vipande viwili kwa mkupuo. Kesho yake nikaondoa kimoja kingine. Siku ya nne nikaondoa vyote vilivyobaki. Sebule ikajaa mwanga wa buluu mpaka kwenye dari. Bi Zuhura akapiga kigelegele kutoka jikoni, akidhani umeme umeongezwa nguvu.

Yalianza kupauka kwenye ncha. Nilijiambia ni mwanga unanidanganya. Baadaye weupe ulishuka taratibu kutoka juu, kama mvi. Siku mbili kabla ya Idi yote sita yalikuwa meupe kabisa. Chini ya taa ile yaling'aa kama vikombe vya kaure, na lazima niseme ukweli, yalikuwa mazuri. Mzee alirudi kutoka dukani alasiri, midomo imekauka kwa saumu, akasimama mlangoni. Hakuvua hata kandambili. "Yameiva," alisema. Aliita, "Zuhura! Zuhura, njoo uone. Yameiva kama la bibi!" Wakasimama wote wawili mbele ya kioo, na yule mzee, ambaye sijawahi kumwona akimgusa mkewe mbele ya watu, alimshika kiwiko. Alinigeukia na macho yenye maji. "Kumbe ile kahawia ilikuwa ubichi," alisema. "Na mimi nilikudharau. Nisamehe, mwanangu."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Maneno yenyewe yalikuwa machache: Mzee, yanakufa, nipe zile nyavu. Dawa ilikuwepo stoo, imekunjwa, imekauka vizuri. Kuyaokoa kulihitaji kuyafunika, na kuyafunika kulihitaji kusema kwa nini. Mimi nilisimama pale nikipanga sentensi ya kwanza, nikaipanga upya, nikaona haifai, na wao wakaenda kujiandaa kufuturu.

Idi ilikuwa Ijumaa. Walikuja wageni wanne wa Mzee, watu wa biashara na marafiki wa zamani, pamoja na wake zao, na Mzee Magesa alitoka Mwitongo kule Butiama na kibuyu cha maziwa ya mgando kama kila mwaka. Alikuwa mfugaji, Mkristo, mtu mrefu anayeongea kama anaita ng'ombe ng'ambo ya mto. Walikula pilau wametazama tangi. "Hafidhi, umehamisha Bahari ya Hindi yote," alisema mmoja. Mwingine akauliza kama yanauma. Mzee Magesa alitazama kwa muda, akatafuna, akasema, "Meupe sana. Hayana hata doa?" Mzee akajibu kwa fahari, "Hata doa." Kisha akainuka, akafuta mikono, akatoa bahasha kwenye mfuko wa kanzu. Ilikuwa barua yangu. Aliisoma mbele ya wote, jina langu, kazi yangu, muhuri wa duka. Wanawake wakapiga vigelegele. Niliipokea kwa mikono miwili. Nilipiga goti. Nyuma yake, ndani ya maji, lile la mwisho kulia lilikuwa limeanza kuachia nyama kwenye shina, uzi mwembamba kama ute wa yai ukipeperushwa na pampu, na mimi peke yangu kati ya watu wote mle ndani ndiye niliyejua ninachokiona. Nikatoka uani nikampigia mama. Nilimwambia nimeajiriwa. Nikasikia akilia na kumwita jirani yake kwa Kijita, na nilikuwa nimeshachelewa kurudisha neno.

Jumamosi sikusema. Jumapili sikusema. Nilijipa sababu, na sababu zangu huwa na mpangilio mzuri: kwamba pengine yatajirudia yenyewe, kwamba kumharibia mzee sikukuu ni ukatili, kwamba barua imeshagongwa muhuri. Leo nikizikumbuka hizo siku mbili, huwa natamani ningekuwa mtu asiyejua kitu. Asiyejua angelala. Mimi nilikuwa nazihesabu saa za mwanga. Kila saa taa ilipowaka bila nyavu, nilijua ilikuwa inachukua nini, na nilikaa kwenye kiti nikaiacha iwake.

Jumatatu alasiri maji yalianza kunuka. Mzee alikuwa amejilaza kwenye kochi, redio kifuani. Nilisimama mbele yake na sikupanga sentensi. "Mzee, hayajaiva," nilisema. "Yanakufa. Yale ya kahawia ndiyo yaliyokuwa hai vizuri. Mimi nimeyaunguza na taa. Nilijua toka kabla ya Idi."

Hakuinuka. Alizima redio. "Toka kabla ya Idi."

"Ndiyo, Mzee."

"Barua ulipokea unajua."

"Ndiyo."

Akakaa, akavaa miwani, akaenda mpaka kwenye kioo, akainama. Jikoni Bi Zuhura alikuwa anasonga ugali. "Kwa hiyo la bibi yangu," alisema hatimaye, bila kugeuka, "lilikuwa maiti. Miaka yote ile tunalifuta vumbi." Akaniuliza kuna dawa gani. Nikamwambia nyavu. "Basi zilete, unasubiri nini?" Tulizitandaza wote wawili, vipande vyote vinane, yeye upande wake na mimi upande wangu, tukinyoosha pembe kama watu wanaotandika kitanda. Niseme hapa hapa kilichotokea, ili msomaji asisumbuke: manne yalikufa ndani ya wiki mbili, na nikayatoa mwenyewe kwa mkono. Mawili yalirudi polepole sana, na yaliishi.

Lakini jioni ile hakuna aliyejua hilo. Nilidhani tumemaliza, nikachukua begi langu. Mzee akaniambia nikae. Alitoa simu yake. "Mimi nikimuuzia mtu simenti iliyoganda, halafu nikajua baadaye, nampigia," alisema. "Sisubiri nyumba imwangukie. Wale watu walikula kwangu wakasifu kitu kibovu. Lazima wajue." Aliwapigia mmoja mmoja, simu ikiwa kwenye spika, anaanza kwa salamu ndefu na habari za watoto, kisha anasema, "Yale matumbawe niliyokuonyesha yanaumwa. Sikujua. Mtaalamu wangu yupo hapa, atakueleza." Na ananipa simu. Nilieleza. Mmoja aliona ni mzaha akacheka mpaka akakohoa. Mwingine alisema asante kwa upole ulionifanya nitake kujificha chini ya kochi. Mzee Magesa alisikiliza mpaka mwisho, halafu sauti yake ikajaza sebule: "Binti, sisi kwetu ng'ombe akibadilika rangi hatuiti wageni!"

"Ndiyo, baba."

"Tunaita mtu wa dawa!"

"Ndiyo, baba. Nimekosa."

"Haya. Hafidhi, huyu usimpige." Akakata.

Mzee aliweka simu mezani. Nje mwanga ulikuwa unapungua, na Bi Zuhura alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Barua yangu ilikuwa juu ya meza. Nilikuwa nimeitoa begini mwenyewe bila kuombwa, na hakuna aliyeigusa. "Amebaki mmoja," Mzee alisema.

"Nani, Mzee?"

"Mama yako. Si ulimpigia siku ile? Nilikuona uani."

Nilimwomba iwe kesho. Alitikisa kichwa kukataa. Nikapiga, na vidole vyangu vilikosea namba ya mama yangu mwenyewe mara mbili. Alipokea kwa furaha, kelele za kuku nyuma yake. "Perusi! Jana nimekupeleka kanisani. Nimesimama mbele kabisa, nimetoa shukrani, nimetoa jogoo."

"Mama," nilisema, "nilikosea kazini. Wale wanyama wanakufa, na ni mimi. Barua nimeirudisha. Nilikwambia mapema mno."

"Umeirudisha," alisema. "Sasa mimi nisimameje tena mbele ya watu? Nikamwambie mchungaji anirudishie jogoo?" Hakuwa anatania. Sauti yake ilikuwa ndogo, sauti ya mtu aliyekaa chini ghafla. Nilikuwa naangalia nyavu.

Mzee Hafidhi alinyoosha mkono akaichukua simu. "Mama Perusi, Asalaam, habari za huko."

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Jogoo abaki huko huko. Mtoto yuko kazini."

Akanirudishia simu, akainuka akashika goti, akaenda uani kutawadha kwa ajili ya magharibi. Mama alikuwa bado anaongea, anauliza huyo alikuwa nani. Barua ilibaki mezani, na sikujua kama niichukue au niiache. Sikuwahi kumuuliza Mzee kama alisema vile kwa sababu ilikuwa kweli, au kwa sababu kulikuwa na mama upande wa pili wa simu. Niliiacha. Kesho yake nilifika saa moja kasoro, geti likiwa bado limefungwa, nikagonga.